Mtoto kachelewa kulia, sasa wamembandika kifuko cha mkojo. Mkojo unaonyesha nini?

#1 SatoKaanga
Wakuu, habari za asubuhi. Dada yangu kajifungua juzi usiku hospitali moja hapa Mwanza, dume, kilo 3.1. Uchungu ulianza mchana wa jana yake, kwa hiyo alihangaika sana. Mtoto alitoka kimya. Dada anasema alikuwa anahesabu vigae vya ukutani, vikaisha, akaanza upya, ndipo akasikia kasauti kama ka paka. Muda wote huo nesi alikuwa anampiga ambu, kile kipira cha kumpulizia hewa. Kwenye kadi wameandika alama 4, halafu 7.

Sasa hivi yuko chumba cha watoto mahututi. Jana mchana wamembandika kifuko cha plastiki pale mbele, kina gundi, cha kukingia mkojo. Shemeji alipouliza akajibiwa, "Tunaangalia kama alikosa hewa." Hapo ndipo niliposhindwa kuelewa. Hewa inaonekanaje kwenye mkojo? Na kabla ya kifuko, khanga aliyofungwa ilikuwa na doa la rangi ya tofali. Mama mkwe wa dada keshatangazia wodi nzima kwamba wanapima DNA kimya kimya. Wajuzi karibuni.

#2 Furu
Natandika mkeka hapa. Ila huyo mama mkwe na DNA, kuna jambo analijua?

#3 SatoKaanga
#2 mkuu usinivunjie undugu. Mtoto kafanana na shemeji mpaka masikio.

#4 Rijenti
Nafanya kazi maabara, si daktari, nitaeleza upande wangu tu.

Hewa yenyewe haionekani kwenye mkojo. Kinachoonekana ni masalia ya mwili uliokosa hewa. Umewahi kupanda mlima wa Bugando mbio, mapaja yakawaka moto? Seli zikikosa oksijeni zinaunguza sukari kwa njia ya mkato, na masizi yake ni laktati. Mtoto aliyekosa hewa tumboni au njiani naye laktati inapanda kwenye damu, figo zinaichuja, inaishia kwenye mkojo. Sasa mkojo mmoja ni mzito, mwingine mwepesi, kwa hiyo laktati peke yake itakudanganya. Unaigawa kwa kreatinini, takataka ya misuli ambayo hutoka kwa mwendo usioyumba sana, unapata uwiano.

Wataiwani ndio walioitikisa dunia na hili mwaka 1999. Walichukua mkojo wa watoto 40 waliochoka (yaani waliokosa hewa) wakati wa kuzaliwa na 58 wazima, ndani ya saa 6 za kwanza. Wale ambao baadaye ubongo ulionyesha kuumia, wastani wa uwiano ulikuwa 16.75. Wazima 0.09. Waliochoka lakini ubongo ukabaki salama, 0.19. Tofauti ya namna hiyo maabara huwa hatuioni mara nyingi.

#5 Kamanga Feri
Kumbe kipimo kipo tangu 1999 na watoto wetu bado wanapimwa kwa kuangaliwa rangi! Nchi hii bwana.

#6 MkungaMstaafu_Nansio
Mwanangu #5, punguza jazba. Hao Wataiwani walitumia mashine gani? Mwambieni Rijenti amalizie hadithi.

#7 Rijenti
Shikamoo mama. Kweli, nilikatisha. Walitumia mashine kubwa ya sumaku, ile inayotambua molekuli kwa aina yake. Siyo kitu unachokikuta dirishani ukiwa na risiti mkononi. Laktati inaweza kupimwa pia kwa vimeng'enya, hiyo ni rahisi zaidi, lakini vijiti vya kawaida vya mkojo tunavyochovya havina kibox cha laktati. Sukari utaiona, protini utaiona, laktati hapana.

Na mtazame saa. Mleta uzi anasema kazaliwa usiku, kifuko kimebandikwa kesho yake mchana. Saa 6 zilishapita zamani. Kwa hiyo mimi nina shaka kama wanapima laktati.

#8 NyumbaYaMawe
Mimi mwaka wa tatu udaktari. Nadhani ni asidi ya yuriki. Nguvu ya seli inaitwa ATP. Oksijeni ikikatika ATP inavunjika ngazi kwa ngazi: ADP, AMP, adenosini, inosini, haipoksanthini, zanthini, mwisho wa reli ni asidi ya yuriki. Hii nayo inagawanywa kwa kreatinini na kuna tafiti nyingi, hasa za India, zimechukua mkojo ndani ya saa 24. Ina faida kwamba mashine ya kemia inayopima gauti (jongo) ya wazee ndiyo hiyo hiyo inayopima na hii. Na lile doa la tofali kwenye khanga ndiyo ushahidi, ni chumvi za yuriki.

#9 Furu
Mwaka wa tatu keshatoa hukumu, jalada lifungwe.

#10 BintiIgombe
#1 hilo doa lisikutishe. Mwanangu alitoa damu kidogo siku ya tatu, nikaambiwa ni homoni za mama zinashuka, inaisha yenyewe. Ikaisha.

#11 Kamanga Feri
#10 dada, mleta uzi kaandika DUME. Hiyo ya homoni ni ya mabinti.

#12 BintiIgombe
Ee, nimesoma mbio mbio. Basi nafuta.

#13 MkungaMstaafu_Nansio
Kuhusu doa: nimefunua nepi na vitambaa miaka thelathini na kidogo. Rangi ya tofali, ukiligusa likikauka unahisi unga unga, hiyo ni chumvi ya mkojo, naungana na kijana #8. Ila si ushahidi wa kukosa hewa. Watoto wazima kabisa wanalitoa siku mbili tatu za mwanzo, maziwa yakiwa bado machache na mkojo mzito. Likizidi siku hizo, nauliza mama ananyonyesha vipi. Damu yenyewe ni nyekundu na inasambaa kwenye kitambaa. Hata hivyo mtoto aliye mahututi khanga ipelekwe kwa daktari aione kwa macho yake, msiisimulie kwa mdomo.

#14 SatoKaanga
Shikamoo mama. Khanga mama mkwe kashaifua.

#15 Furu
Kapoteza ushahidi wa DNA kwa mkono wake.

#16 SistaWaZamu
Niko wodi za watoto wachanga, sitasema wapi. Jamani mnaruka juu sana. Mara tisa kati ya kumi tukikinga mkojo wa mtoto aliyechelewa kulia, tunataka kujua ANAKOJOA KIASI GANI. Basi. Mtoto akikosa hewa mwili unafanya mgao. Damu inapelekwa kwenye ubongo, moyo na tezi za juu ya figo; figo, utumbo na ngozi vinanyimwa. Ni kama mgao wa maji hapa mjini, bomba la bondeni linafungwa ili mlimani wapate. Figo zikinyimwa muda mrefu zinaumia, mtoto hakojoi, au anakojoa matone. Tunategemea walau mililita 1 kwa kila kilo kwa saa. Huyo wa kilo 3.1 ni kama mililita 3 kwa saa. Tukijua hapati hiyo, dripu tunaipunguza, tusimvimbishe.

Wengine tunapima nepi kavu kwenye mizani, halafu tunapima ikilowa, kila gramu moja ni mililita moja. Lakini mama akija na khanga tatu za saizi tofauti utapimaje? Ndiyo unabandika kifuko. Ambacho nacho nusu ya muda kinabanduka, mkojo unaenda kwenye shuka, na mimi nabaki na gundi kwenye glovu.

#17 Rijenti
#16 umenena, na umegusa tatizo kubwa kuliko yote ya hivi vipimo: mtoto aliyeumia zaidi ndiye asiyekojoa. Unataka mkojo ndani ya saa 6, yeye figo zimefungwa. Hata wazima wapo wanaokojoa mara ya kwanza baada ya saa 12 au 20. Kipimo kinamngoja mtu ambaye hana cha kutoa.

#18 WaMagu
Naomba niseme ambacho hamtaki kusema. Huyo dada alipewa dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu? Kwetu bibi anaichemsha, unakunywa kikombe, mtoto anakuja kama anafukuzwa. Mtoto akitoka kachoka, lawama kwa nesi.

#19 SatoKaanga
#18 kaka, hapo umenigusa. Dada anakataa. Ila mama mkwe alikuja na chupa ya chai ambayo hakuna mwingine aliyekaribishwa.

#20 MkungaMstaafu_Nansio
Nieleze vizuri maana watu wanadhani tunazichukia bure. Uchungu ukibana, damu inayokwenda kwenye kondo la nyuma inapungua. Ukiachia, mtoto anapata tena. Yaani anapumzika katikati ya uchungu na uchungu. Dawa ikifanya tumbo libane bila kuachia, mtoto hana pa kuvuta pumzi. Na siyo ya bibi tu. Hata ile ya hospitali ya kwenye dripu ikikimbizwa bila kusikiliza mapigo ya mtoto, matokeo ni yale yale. Nimeyaona yote mawili, usiku mmoja, vitanda viwili vinavyofuatana.

Ila sababu ni nyingi. Kitovu kutangulia, kondo kuachia mapema, presha ya mimba, uchungu wa siku mbili kwa mama mwenye nyonga ndogo, maambukizi. Hakuna mkojo utakaokwambia ni ipi kati ya hizo.

#21 Kamanga Feri
Mbona hakuna aliyetaja kitovu kuzunguka shingo? Mtaani kwetu ndiyo sababu namba moja.

#22 MkungaMstaafu_Nansio
Kwa sababu wengi wanazaliwa nacho shingoni na wanalia vizuri tu. Kinalaumiwa kwa kuwa ndicho kinachoonekana.

#23 MamaKulwa
Mimi nina pacha. Kulwa alitoka akapiga kelele. Doto akakaa ndani kama dakika ishirini, akatoka wa bluu, akapewa 2. Nikaambiwa nijiandae kwa lolote. Leo Doto ana miaka tisa, anamfundisha Kulwa hesabu na kumtoza ubuyu kama ada. Hizo namba za kadi zisiwatishe.

#24 BabaSayi
#23 hongera dada, Mungu akutunzie. Wangu alipewa 8, akalia, tukaruhusiwa kesho yake. Mwezi wa saba hakai. Mwaka na nusu tukaambiwa mtindio wa ubongo. Mpaka leo namuuliza kila daktari, alikosa hewa lini? Mmoja anasema tumboni, mwingine anasema ni manjano aliyopata wiki ya kwanza, mwingine anasema labda alizaliwa hivyo. Kama kungekuwa na kachupa ka mkojo wa siku ya kwanza kalikohifadhiwa mahali, ningeuza boti kukanunua.

#25 SistaWaZamu
#24 pole sana baba. Sayi anahudhuria mazoezi ya viungo?

#26 BabaSayi
Kila Jumanne na Ijumaa. Mama yake anambeba mgongoni, ana kilo 14 sasa. Asante kwa kuuliza.

#27 NyumbaYaMawe
Kuhusu namba za kadi: ni alama za Apgar, zimetoka kwa Virginia Apgar, daktari wa usingizi wa New York, mwaka 1952. Rangi, mapigo, kushtuka akiguswa, viungo kukaza, kupumua, kila kimoja 0 hadi 2. Zinasema mtoto yukoje dakika ya kwanza na ya tano. Hazikutengenezwa kutabiri kama atakuja kufaulu hesabu. Ndiyo maana watu wanatafuta kitu cha kwenye damu au mkojo.

Na kuna kingine sikukitaja, S100B. Ni protini ya seli za ubongo, ubongo ukiumia inavuja, inaonekana mpaka kwenye mkojo. Waitaliano wameisukuma sana. Hii inaongelea ubongo wenyewe, siyo mwili mzima kama laktati. Ndiyo itakayoshinda.

#28 Rijenti
#27 dogo, S100B ipo pia kwenye mafuta ya mwili, na kwenye maziwa ya mama imejaa. Halafu kit yake ni sahani ya visima 96. Unaifungua kwa mtoto mmoja, visima 90 vilivyobaki utavifanyia nini, utalia ugali? Na hiyo yuriki yako ina mitego yake. Njiti uwiano wao uko juu hata kama hawakukosa hewa. Mama mwenye presha ya mimba yuriki yake inapanda na inavuka kondo kwenda kwa mtoto. Tena mkojo ukipoa, chumvi zinaganda chini ya chupa. Ukinyonya maji ya juu bila kuupasha moto na kutikisa, unatoa jibu la uongo zuri kabisa, lina mpaka desimali mbili.

#29 WaMagu
Swali la kijinga: gauti si inatokana na nyama na dagaa? Dada akila dagaa wa Mwaloni miezi tisa, mtoto si atatoka na yuriki tu?

#30 Furu
Hilo ndilo swali la maana kuliko yote tangu asubuhi.

#31 Rijenti
Hahaha. Dagaa kweli wana malighafi ya yuriki nyingi, na ya mama inavuka kidogo kama nilivyosema. Lakini mama mwenye figo nzima anaitoa. Usiwaharibie watu wa Kirumba biashara.

#32 Mpiga Mbizi
Nimefika mwisho wa uzi na nina swali la pesa. Tuseme kipimo kinapatikana leo, elfu tano, jibu saa moja. Mtoto wa SatoKaanga anaonekana alikosa hewa. Unamfanyia nini ambacho ulikuwa humfanyii?

#33 NyumbaYaMawe
Unampoza. Joto la mwili linashushwa hadi 33.5, saa 72, lakini lazima uanze ndani ya saa 6. Ndiyo sababu ya kutaka jibu haraka.

#34 SistaWaZamu
Nilijua mtafika huko. Kupoza kumewasaidia Ulaya na Marekani. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa India, Bangladesh na Sri Lanka, watoto 408. Waliopozwa walikufa 42 kwa 100, ambao hawakupozwa 31 kwa 100. Kwa hiyo naomba mtu asiende wodini kudai mpwa wake awekewe barafu kwa sababu kasoma uzi. Kwetu kazi ni apate joto, apumue, sukari isishuke, degedege lizuiwe, maji yasizidi. Na hilo la maji, nisameheni, nalijua kwa kupima KIASI cha mkojo.

#35 Mpiga Mbizi
Basi kipimo hakina kazi.

#36 Rijenti
Hapana, hapo umeruka. Kina kazi ya kujua nani afuatiliwe. Watoto mia waliochelewa kulia, huwezi kuwarudisha wote kliniki kila mwezi kwa miaka miwili, wengine wanatoka Ukara kwa mtumbwi. Ukijua kumi ndio hatari, hao unawashika. Muulize #24.

#37 BabaSayi
Mimi ningetaka kujua mwezi wa kwanza kuliko mwaka na nusu. Hilo tu.

#38 MkungaMstaafu_Nansio
Mimi nasema pesa ya kipimo inunue ambu na watu wa kuishika. Mafunzo yale ya dakika ya dhahabu, kumkausha, kumsugua mgongo, akigoma unampa pumzi kabla dakika haijaisha, yalipoingia hospitali 8 za nchi hii vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Imeandikwa 2013, haikuhitaji mkojo wa mtu. Na ule mradi wa hospitali 30, mikoa mitano, Mwanza ikiwemo, nao ulikuwa mambo ya mazoezi ya kila wiki na kusikiliza mapigo.

#39 NyumbaYaMawe
Mama, hata ambu ina deni kwa hivi vipimo. Mnorwei Saugstad alionyesha mwaka 1975 kwamba haipoksanthini inapanda mtoto akikosa hewa. Akaendelea kujiuliza: ikirundikana halafu umpe oksijeni tupu ghafla, si inatengeneza sumu ya kuchoma seli? Akaanza kujaribu hewa ya kawaida. Mwongozo wa mwaka 2010 ukakubali: mtoto aliyetimiza miezi anaanza na hewa ya kawaida. Yaani kuanza na ambu isiyo na mtungi wa oksijeni kumetokana na watu waliofuata masalia ya ATP.

#40 MkungaMstaafu_Nansio
Hilo sikulijua. Tulikuwa tunapiga hewa tupu kwa sababu mtungi ulikuwa umeisha.

#41 Furu
Sayansi ya Nansio ilitangulia ya Norwei.

#42 Kamanga Feri
Turudi kwenye msingi. Dada kakaa na uchungu zaidi ya siku nzima, mtoto kachoka. Mkojo ukionyesha alikosa hewa, si ndiyo ushahidi wa kuwashitaki?

#43 Rijenti
Mkojo hauandiki saa wala jina la aliyekuwa zamu. Unaweza kusema seli zilikosa oksijeni. Kama ilikuwa wodini, njiani au kwenye kikombe cha chai ya #19, hausemi.

#44 SatoKaanga
Wakuu nimerudi, nilikuwa hospitali. Mtoto leo kafumbua macho, ananyonya kidogo kwa kijiko. Degedege hakuna. Sasa sikilizeni. Shemeji kakumbuka kwamba usiku ule alisainishwa karatasi na kijana mmoja mwenye koti jeupe, siyo nesi, akaambiwa ni ya "utafiti, mkojo na damu, hakuna gharama". Leo nimemuuliza sista wa zamu ya mchana kuhusu kifuko, yeye anasema ni cha kupima figo. Daktari aliyepita raundi anasema wanaangalia maambukizi. Watu watatu, majibu matatu.

#45 NyumbaYaMawe
Utafiti! Nilisema mimi. Yuriki hiyo.

#46 SistaWaZamu
Inaweza kuwa vyote vitatu kwa kifuko kimoja. Ila kwa maambukizi mkojo wa kifuko ni mbovu, unaokota vijidudu vya kwenye ngozi, kwa hiyo hapo kwa daktari sikubali sana.

#47 Rijenti
SatoKaanga, kwenye karatasi huwa wanaandika wanapima nini. Shemeji alibaki na nakala? Piga picha aya ya pili au ya tatu, funika majina, weka hapa.

#48 SatoKaanga
Nakala ipo. Mama mkwe aliichukua akafungia vipande vya sangara alivyomletea dada. Imelowa mafuta, ninachosoma ni "…kreat…" na sahihi ya shemeji.

#49 Furu
Kreatinini! Uwiano na nini sasa?

#50 SatoKaanga
Hapo ndipo pana mwiba wa sangara.